Anayetembea Upande

Jumanne, 12 Machi

Mvua imeanza kwa adabu, kama mgeni anayesema hakai sana. Wageni wa namna hiyo tunawajua.

Mke wangu yuko kwa binti yetu, analea mjukuu, na harudi mpaka mvua ziishe. Karakana imelala. Makochi yanangoja sponji, sponji inangoja gundi, gundi inangoja jua. Nimeyafunika kwa mashuka yasipate unyevu. Ukiingia bila kujiandaa utadhani kuna watu wameketi humo wamejifunika gubigubi, na kwamba walikuwa wakizungumza mpaka ulipofungua mlango.

Leo basi limeniletea kifurushi kutoka kwa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu. Ana duka la dawa, na ulimi wake hauna kizibo.

"Shemeji, umepokea?"

"Nimepokea. Ni nini hiki, pasi?"

"Gemu. Unaiunga kwenye televisheni."

"Mimi? Na kitambi hiki?"

"Kitambi hakichezi, vidole ndivyo vinavyocheza. Nilipata mbili kwa bei ya moja. Jina nimeshakuandikishia, Fundi Makochi. Dozi ni kila siku saa kumi alasiri."

"Dawa ya nini hiyo?"

"Ya kuzungumza na makochi."

Nikamuuliza habari za mgonjwa. "Yupo," akasema. "Sauti bado."

Mdogo wangu, ambaye nyumbani wote tunamwita Kobe, ni dalali wa mnada. Nimemwona kwa macho yangu akiuza kiti cha miguu mitatu kwa jina la kiti cha kutafakari. Akishakupiga bei anagonga meza na kusema "Imeuzwa!" hata kama ni karata tu mnacheza na amekufunga. Mwezi wa kwanza kiharusi kilimchukua kinywa na kumlegeza mkono wa kulia. Tangu hapo hashiki simu wala hataki kuonwa. Nilikwenda, nikasimama getini, shemeji akatoka akaniangalia viatu, nikarudi. Daktari anasema kinywa kimelala tu, hakijafa; lakini mwenyewe asipokiamsha ndani ya mvua hizi, kitazoea usingizi.

Ijumaa, 15 Machi

Gemu yenyewe ni nchi nzima. Unaamka kando ya mto miguu mitupu, huna hata kijiti. Unaokota, unajenga, ukitaka unalima. Wengine wote mle ndani ni watu kweli, kila mmoja kwake mbele ya televisheni yake, na wakisema unawasikia masikioni. Ukiuawa unaamka tena mtoni, mtupu. Ulichobeba kinabaki kwenye begi pale ulipoangukia, na anayelikuta huchukua.

Niliuawa kabla sijajifunza kugeuka.

Jumatano, 20 Machi

Nina kibanda, dirisha moja, tuta la viazi. Nimejisukia kofia ya majani na inanikaa vizuri kuliko kofia yoyote niliyowahi kununua. Saa kumi na robo mtu akatoka kichakani, akaniua.

Kinachonishinda si kufa. Ni kwamba hakuna ugomvi. Mteja akinitukana najua nimechelewesha kochi lake. Huyu nimemkosea nini? Basi nikaamua kila anayeniua nimuulize.

"Samahani, kijana. Kwa nini umeniua?"

"Nilikuogopa."

"Nilikuwa nachuma uyoga."

"Ndiyo maana. Nani anachuma uyoga?"

Alhamisi, 21 Machi

Nimeuawa. Kofia nayo imekwenda.

Jumatano, 27 Machi

Mvua imeacha adabu. Sponji niliyoibandika jana imebanduka yenyewe, nimeikuta sakafuni imejikunja kama ngozi ya mnyama.

Leo aliyeniua ana sauti ya mwanamke mtu mzima, na anajiita Bibi Sumu. Nilimuuliza swali langu.

"Ulisimama vizuri," akasema.

"Kusimama vizuri ni kosa?"

"Mzee wangu, ulisimama kama mlingoti unaongoja bendera. Mimi kutwa nzima nipo dirishani napokea malalamiko ya maji. Mabomba yamepasuka, bili zimekosewa, wananiita mbwa, nami nasema asante kwa kuwasiliana nasi. Nikirudi nyumbani nataka mtu mmoja tu asimame vizuri."

Nikacheka peke yangu chumbani. Yeye naye akacheka. Kisha akasema kibanda chake kiko juu ya kilima kilicho jirani na changu, na kwa kuwa nimeuliza kwa heshima, hataniua tena siku za kazi.

Jumanne, 2 Aprili

Nimekuwa nikiwauliza mpaka wamenizoea. Mmoja alisema marafiki zake walikuwa wanamtazama. Mwingine, alitaka kuona kama bunduki inafanya kazi. Mwingine alisema, taratibu kabisa, "Sijui," na nadhani huyo ndiye pekee aliyesema kweli.

Lakini kuna jambo. Kila nikifa narudi haraka pale nilipoangukia, maana begi hukaa kitambo kabla ya kuoza. Sasa silikuti. Walioniua wanaapa hawakuligusa, nani ana haja na kofia ya majani na jembe? Na nyasi za pale zimelala, kama mtu alizunguka papo hapo, mara nyingi, kwa duara.

Jumanne, 9 Aprili

Daraja limekwenda na maji. Hata kama Kobe angeniita leo, nisingefika kwake.

Nimempigia shemeji. "Anafanya mazoezi ya mkono," akasema. "Na wewe dozi unameza?"

"Nameza."

"Umekutana na nani na nani huko?"

"Wauaji watupu."

Akaguna, kama mtu aliyetarajia jibu jingine.

Jumapili, 14 Aprili

Nimemwona.

Mvua ilikuwa inanyesha huku na inanyesha kule. Nilikuwa kwenye viazi, nikainua macho, mtu amesimama ng'ambo ya kijito. Sijui alikuwa amesimama tangu saa ngapi. Nikasema hujambo. Kimya. Nikasogea kushoto, akageuka. Nikasogea kulia, akageuka, ila kwa kuchelewa, kama mlango uliolegea bawaba. Juu ya kichwa cha kila mtu mle kuna jina lake. Juu ya kichwa chake kulikuwa na nukta tatu, basi.

Kisha akaanza kuja. Hakuja moja kwa moja. Alikwenda upande upande, akajigonga kwenye mti, akaugonga tena na tena, akaupita, akaendelea kukata duara lake mpaka maji yakamfika magotini. Mwendo huo mwili wangu uliukataa kabla sijaufikiria. Nimetembea miaka mingi, nimewaona walevi, nimewaona waliovunjika nyonga. Hakuna anayetembea hivyo.

Nilizima mashine kwa kuchomoa waya ukutani. Mtu mzima mimi, na kitambi changu.

Jumatatu, 15 Aprili

Hakuna umeme. Televisheni nyeusi inanionyesha mimi nimekaa, na nyuma yangu makochi na mashuka yake. Nimeigeuzia ukutani.

Alhamisi, 18 Aprili

Yupo tena. Nikitoka, yupo. Nikilala kibandani namsikia nje: hatua, hatua, kitu kimegongwa, hatua. Nimeacha mlango wazi, nimeukuta umefungwa. Sikuwa na chombo cha maji, nikakuta kimoja kizingitini kimejaa.

Hajanigusa. Hilo ndilo linaloninyima raha. Waliotaka kuniua waliniua mara moja, tukaulizana, tukacheka, yakaisha. Huyu anangoja nini?

Jumatatu, 22 Aprili

Nimemweleza Bibi Sumu. Kwa mara ya kwanza hakunitania.

"Hasemi kabisa?"

"Kabisa."

"Hata ukimtukana?"

"Sijamtukana. Tutakuwa tumefahamiana wapi mpaka nimtukane?"

"Mzee, nisikilize. Mwenye kelele anataka kuchekwa. Anayekufuata kimya anakusoma. Anajua unatoka saa ngapi, unalala upande gani. Amekuchukulia mabegi yote na bado hajaondoka, maana yake hayo si aliyokuja kutafuta."

Akanipa gobore. Linabeba risasi moja tu. "Ukimwona anachuchumaa, ujue analenga. Usingoje ya pili."

Nimelitundika ukutani mwa kibanda kile. Hapa nyumbani, bila kufikiri, nimeangalia ukuta huohuo wa upande huohuo, kama naona lipo.

Jumanne, 23 Aprili

Leo hakuonekana. Nimekaa saa nzima nikimngoja asionekane.

Jumatatu, 29 Aprili

Naandika haraka.

Alasiri ilikuwa nyeusi. Bati la karakana lilipigwa na mvua mpaka sikusikia hata mawazo yangu mwenyewe. Niliingia saa kumi. Nikajifungia kibandani, nikashika gobore, nikajiambia nalisafisha.

Hatua. Kitu kimegongwa. Hatua. Zikazunguka kibanda kwa duara, zikafika chini ya dirisha, zikakoma.

Kichwa kikapanda dirishani. Hakina uso wa maana, nyuso za mle zote zinafanana. Kikanitazama. Kikashuka. Kikapanda. Kikashuka.

Anachuchumaa. Usingoje ya pili, na ya pili ilikuwa imeshapita. Kilipopanda tena nilifyatua.

Nataka niandike nilivyojisikia, kwa sababu miezi hii nimewauliza watu swali hilo kwa lawama. Nilijisikia vizuri. Kama mmeshusha kochi zito wawili kwenye ngazi, mkatua, na mgongo ukanyooka. Nilisema kwa sauti chumbani, "Haya." Sikuwa na hasira naye hata chembe. Nilitaka tu kuacha kungoja.

Nikatoka. Alilala kando ya tuta la viazi. Nikafungua begi lake nione silaha.

Hakukuwa na silaha. Kulikuwa na kofia ya majani. Chini yake nyingine. Zote nilizowahi kusuka, zile mbaya za mwanzo na zile nzuri. Jembe langu. Taa yangu. Uyoga wangu, umeshaoza. Kila nilichouawa nacho tangu mwezi wa tatu kilikuwa mle. Mtu alikuwa akija nyuma ya vifo vyangu, mmoja baada ya mwingine, kuokota.

Mimi mwenyewe nina kopo karakanani. Natia humo vitu ninavyovikuta ndani ya makochi ya watu, vitana, hereni, meno ya bandia, niwarudishie wakija. Kwa hiyo najua begi la mwizi na najua begi la mtu anayekusudia kurudisha.

Nikasimama mvuani. Ndipo kichwa kile kikapanda tena, si kule, bali kwenye dirisha la jiko la mama yetu, zamani, tukiwa watoto. Mimi nimefungiwa humo nasugua masufuria kwa utundu wangu, na mdogo wangu yuko nje. Dirisha lilikuwa juu, alikuwa mfupi, ilibidi aruke. Kichwa kinapanda, kinashuka. Mara mbili: mama hayupo, njia nyeupe, toka. Siku mama alipomfuma ndipo alipompa jina. "Nani huyo anayechomoa kichwa kama kobe?"

Nilimpigia shemeji. Alipokea kabla haijaita.

"Shemeji," nikasema, "ile mashine ya pili iko kwa nani?"

Akasema, "Ameiweka chini padi ya kuchezea. Anaangalia ukuta."

Jumanne, 30 Aprili

Shemeji amenieleza yote. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndiye aliyesema wampe gemu, vidole viamke. Kidole gumba cha kulia hakisukumi bado, ndiyo maana alikuwa akienda upande. Jina hakuweza kuandika, alipata nukta. Shemeji alitaka kuniambia tangu siku ya kwanza, na Kobe akaandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa kama za mtoto: ASIAMBIWE.

"Kwa nini?"

"Ungeambiwa, ungekuja na huruma. Amechoka na huruma, shemeji. Alitaka umjue mwenyewe. Kila jioni alikuwa anangoja saa kumi kama mtu mwenye mchumba."

"Sasa?"

"Sasa anapewa padi anaisukuma. Leo hata kijiko amekisukuma."

Ijumaa, 3 Mei

Nimekwenda kungoja kibandani. Hakuna mtu.

Jumamosi, 4 Mei

Hakuna mtu.

Jumatatu, 6 Mei

Bibi Sumu amepita, nikamwambia.

"Mzee," akasema, "wote niliowaua walikuwa wanakuja kuniua mimi."

"Ulijuaje?"

"Nilijiambia." Kisha: "Mabegi yao nafungua kuchukua risasi. Sijawahi kufungua kuangalia."

Akataka nimrudishie gobore. Nikamwambia bado nina kazi nalo. Akaniambia pole, nami nikamwambia asante kwa kuwasiliana nasi. Hakucheka, na mimi sikucheka.

Jumapili, 12 Mei

Nimemwomba shemeji aniweke sikioni kwa Kobe. Amekubali, akashikilia simu. Nilisikia pumzi tu. Nikajitahidi kusema jambo la maana, nikaishia kueleza bei ya sponji. Pumzi ikaondoka.

Bonde lote limejaa ukungu. Makochi nimeyafunua, nimechoka kukaa na watu wasio na nyuso.

Jumatano, 15 Mei

Hakuna mtu. Kofia zake, yaani zangu, nimezipanga kwenye uzio wa viazi. Ukiziangalia kwa mbali zinaonekana kama watu waliozama udongoni mpaka kwenye paji la uso, wanangoja pamoja nami.

Jumapili, 19 Mei

Leo mvua ilikuwa ya rasharasha, kama inayotafuta namna ya kuaga.

Saa kumi nilikaa mlangoni mwa kibanda, gobore mapajani. Bibi Sumu alikuwa kilimani kwake, siku hizi ananilinda bila kuombwa. Ndiye aliyemwona kwanza.

"Mzee. Kuna mtu anatoka mtoni. Miguu mitupu."

"Anatembeaje?"

"Vibaya."

Alikuja upande upande, akakata duara lake, akaugonga mti uleule, akaupita. Nukta tatu juu ya kichwa. Alipofika kwenye uzio akasimama mbele ya kofia. Nakiri, hata baada ya kujua yote, bado mwendo ule ulinisimamisha nywele. Kujua hakuiondoi hofu. Kunaifundisha kukaa chini tu.

Nikaweka gobore chini, na risasi yake moja ndani. Nikarudi nyuma. Nikabonyeza kitufe cha kuchuchumaa, nikasimama. Nikachuchumaa, nikasimama.

Hakujibu. Akasogea, akaokota gobore. Akalinyanyua polepole, likayumba, likaenda pembeni, likarudi, likanitazama usoni.

"Mzee, kimbia," Bibi Sumu akasema sikioni. "Nimemlenga. Nimpige?"

"Mwache."

"Atakuua."

"Ana haki ya kulenga kwanza."

Alikaa hivyo muda mrefu. Nilikuwa naona kile kitundu cheusi tu, na matone yakipita mbele yake. Nilifikiri: sasa nitauawa, na safari hii sina wa kumuuliza kwa nini.

Akafyatua.

Niliamka mtoni, mtupu, na simu ya kweli inaita mezani. Namba ya shemeji. Nikasema haloo. Pumzi. Kisha ikaja sauti ambayo sijawahi kuisikia, kama kiti kizito kinavutwa kwenye sakafu ya saruji, kikikwama, kikivutwa tena. Nikadhani anakabwa. Nikaita jina la shemeji, nikaita daktari, nikaita mama yetu ambaye hayupo. Nyuma ya sauti ile nikamsikia shemeji analia na kusema, "Anacheka. Shemeji, anacheka huyu."

Alicheka upande mmoja wa kinywa, mpaka akaishiwa. Nikasikia meza ikigongwa. Kisha kitu kikatafutwa mle ndani ya koo, kikakosekana, kikatafutwa tena.

"Im," akasema. "Zwa."

Niliweka simu mezani bila kuikata, nikashika padi, nikaanza safari ya kurudi toka mtoni. Bibi Sumu aliniuliza amfanye nini yule. Nikamwambia amwache, ni wa kwetu.

Begi langu lilikuwa palepale nilipoangukia, halijaguswa, ila uzio umepungukiwa kofia moja. Mlango wa kibanda umefungwa. Kupitia dirishani nilimwona ndani, amekaa kwangu, amevaa kofia yangu.

Sikubisha hodi. Nilikwenda taratibu mpaka chini ya dirisha, nikachomoa kichwa mara mbili.

Njia ilikuwa nyeupe.